Meno ya Bibi Mize

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mdomo!

— Na ndani yake meno!

Nani kawaambia? Nani kawaambia kwamba meno lazima yakae mdomoni? Haya, wekeni nyundo chini. Kokoto hazina miguu, hazitakimbia. Riziki, sogea kivulini na uache kutafuna miwa masikioni mwangu. Leo nina hasira, na hasira yangu ina hadithi yake, nanyi mtaisikiliza mpaka mwisho.

Hapo zamani, zamani zile ambapo hapa tunapovunja mawe palikuwa bahari, na mawe yenyewe yalikuwa bado matope, palikuwa na nchi chini ya maji. Nchi ilikuwa na mfalme. Nchi ilikuwa na karani. Nchi ilikuwa na wenyeji wa kila namna, wenye magamba, wenye miiba, wenye kucha. Na chini kabisa, Mtaa wa Matope, waliishi minyoo.

Usikunje uso, Riziki. Sisemi minyoo ya tumboni. Mnyoo wa baharini ni kiumbe mwingine, ana vijiguu mia ubavuni, na mwanga ukimpiga ngozi yake inang'aa rangi zote. Kosa lake moja tu: hana mfupa. Na watu, mnawajua watu. Wakikuona huna mfupa wanadhani huna na haki.

Basi Mtaa wa Matope alikaa mnyoo mmoja kijana, jina lake Kidawa, pamoja na bibi yake mzaa mama, Bibi Mize. Nyumba yao ilikuwa shimo refu lenye milango miwili, wa mbele na wa nyuma. Kuta zake Bibi Mize alizisiriba kwa mate yake mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, mpaka zikawa laini na ngumu. Maji makuu ya bamvua yalipokuja kwa kishindo, nyumba za wengine zilizolewa. Nyumba ya Bibi Mize haikutikisika.

Kila aliyepita pale aliitazama. Wengine waliitazama mara mbili.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa kwenye meno. Bibi Mize alikuwa nayo, tena mengi kuliko wewe na mimi. Lakini hayakukaa mdomoni. Yalikaa ndani, kooni, yamekunjwa yametulia. Alikuwa na kulabu mbili za kukamata. Nyuma ya kulabu alikuwa na misumeno miwili ya kukatia, wa kushoto mkubwa, wa kulia mdogo. Na chini yake alikuwa na patasi mbili za kusukumia. Akitaka kula, koo zima lilipinduka likatoka nje, kama unavyopindua mfuko wa kanzu, likaja na meno yake yote. Patasi, su! Kulabu, kwa! Misumeno, kha! Kisha koo likarudi ndani na tonge lake, na mdomo ukafungwa, ukamwona bibi kizee asiye na jino hata moja.

Kidawa naye aliumbwa vivyo hivyo.

Lakini minyoo ni watu wa haya. Bibi Mize alimfundisha mjukuu wake tangu akiwa mdogo: "Mjukuu wangu, koo hutolewa ndani kwako, chakula kikiwa mbele yako. Halitolewi barazani. Mwenye adabu hafunui koo lake mbele za watu."

"Sawa, bibi."

"Hata wakikucheka?"

"Hata wakinicheka, bibi."

Kidawa akashika. Watoto wa samaki wakapita wakimwimbia, "Kibogoyo! Kibogoyo!" naye akafunga mdomo wake akaendelea na njia yake. Angeweza kuwatoa ngeu, lakini adabu.

Nchi ile ilikuwa na desturi. Mtu akifa, jamaa hungoja siku tatu mwili uishe, kisha huyakusanya meno yake na kuyazika kizingitini mwa nyumba. Nyumba ni ya yule ambaye meno ya wazee wake yamelala pale mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa hati, hakuna hati nyingine. Na katika siku hizo tatu mfiwa halali ndani. Anakaa nje, matangani, analia na wenzake.

Bibi Mize akafa.

Akafa akiwa ameshiba siku zake, na Kidawa akalia siku ya kwanza, akalia siku ya pili, akalia siku ya tatu. Tena Kidawa alikuwa mja mzito. Alikuwa na mayai mia tatu tumboni, na bamvua ilibakiza siku saba. Yai la mnyoo likitagwa ndani ya nyumba ya kusiribwa hupona. Likitagwa nje, maji yanalizoa na habari yake imekwisha. Kwa hiyo alilia huku akihesabu siku.

Wakati yeye yuko matangani, akaja Karani Kaa.

Kaa ndiye aliyekuwa akishuhudia meno ya marehemu na kuandika nyumba ni ya nani. Na aliandika wapi? Aliandika mchangani, kwa kucha yake! Maji yakija yanafuta, yakitoka Kaa anaandika upya, na akiandika upya anaandika anavyokumbuka, na anavyokumbuka ni anavyopenda. Daftari la nchi nzima! Halafu ukimwuliza anakwambia, "Imeandikwa."

Angemngoja mfiwa. Ndivyo desturi ilivyotaka. Hakumngoja. Aliingia mwenyewe, akakuta mwili umekwisha na meno yamelala sakafuni, meusi, madogo, kila moja mahali pake. Maana samaki akifa meno yake hubaki yameshikwa na mfupa wa taya. Mnyoo hana mfupa. Nyama ikiyeyuka, hakuna kinachoyashika tena, kila jino linaanguka kivyake.

Kaa akatoa macho yake juu ya vijiti vyake. Akaokota kulabu, akazitazama. Akaokota misumeno. Akaokota patasi. Akajikuna.

"Kinywa kimoja kina meno ya namna moja," akasema peke yake. "Meno ni ndugu, hufanana. Hapa naona namna tatu. Basi hapa wamekufa watu watatu. Na mnyoo hakuwa na meno, kila mtu anajua. Kwa hiyo hakuna hata jino moja la mnyoo."

Umeona akili hiyo? Hakuuliza. Hakungoja. Alihesabu namna, akazua maiti watatu ambao hakuna aliyewalilia, na yule mmoja aliyeliliwa siku tatu mtaa mzima ukasikia, akamfuta!

Akatangaza nchini: "Mwenye mzee aliyekuwa na kulabu, ajitokeze! Mwenye mzee aliyekuwa na misumeno, ajitokeze! Mwenye mzee aliyekuwa na patasi, ajitokeze! Ipo nyumba ya kurithi, Mtaa wa Matope."

Nyumba ile? Loo! Walijitokeza mbio.

Akaja Mkunga, yule mrefu wa kulala mashimoni, akasema, "Kulabu hizi ni za babu yangu. Nazijua. Ndizo zilizonilea."

Akaja Pono, samaki mwenye mdomo wa kasuku, akasema, "Misumeno hii ni ya shangazi yangu. Maskini shangazi! Aliponiaga alinionyesha."

Akaja Kambakoche na ndevu zake ndefu, akasema, "Patasi hizi ni za marehemu baba. Fundi mkubwa."

Kaa akagawa. Mkunga akapewa kulabu na mlango wa mbele. Pono akapewa misumeno na mlango wa nyuma. Kambakoche akapewa patasi na ukumbi wa katikati. Wakaingia, wakajinyoosha.

Siku ya tatu jioni Kidawa akarudi kutoka matangani ili ayakusanye meno ya bibi yake. Akakuta mkia wa Mkunga unaning'inia mlangoni.

"Hodi," akasema.

"Hodi ya nani?" akajibu Mkunga kutoka ndani.

"Mimi Kidawa. Hii ni nyumba ya bibi yangu."

"Imeandikwa ni yetu," akasema Mkunga, akageukia upande wa pili.

Kidawa akasimama pale mlangoni kwao, akiwa na mayai mia tatu na machozi ya siku tatu, akatamani kupasuka. Nyumba aliyozaliwa! Kuta alizozijua kwa mgongo wake! Hasira ikampanda kutoka vijiguu vya mwisho mpaka kichwani. Lakini alikuwa amefundishwa adabu. Akaenda kwa Karani.

"Shikamoo, Mzee Karani."

"Marahaba."

"Mzee, meno uliyoyakuta ni ya bibi yangu. Yote sita." Akaimba, nanyi itikieni:

*Kulabu, msumeno na patasi,*
*kinywa kimoja, marehemu mmoja,*
*nyumba ni moja, nipeni!*

— Nipeni!

Kaa akacheka povu likamtoka. "Fungua kinywa, binti."

Kidawa akafungua kinywa. Kaa akachungulia kwa jicho la kushoto, akachungulia kwa jicho la kulia. Hakuona kitu. Angeona nini, naye anachungulia midomoni, na meno yamo chini kooni? Mtu anachungulia mtungi kwenye shingo halafu anaapa kwamba chini hakuna maji.

"Kibogoyo," akasema Kaa. "Mjukuu kibogoyo, bibi kibogoyo. Kibogoyo hana urithi wa meno. Nenda zako."

Kidawa akataka kutoa koo. Akahisi kulabu zake zinatikisika ndani. Akaisikia sauti ya bibi yake: mwenye adabu hafunui koo lake. Akafunga mdomo, akaondoka.

Siku ya nne akaenda kwa majirani. "Jirani zangu, mlimjua Bibi Mize. Mlimsikia akila, kha, kha, kha, ukuta kwa ukuta. Njooni mkanishuhudie." Akaimba:

*Kulabu, msumeno na patasi,*
*kinywa kimoja, marehemu mmoja,*
*nyumba ni moja, nipeni!*

— Nipeni!

Chaza akafunga mlango wake. Jongoo-bahari akajifanya amelala. Kombe akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, tulimsikia, ni kweli. Lakini mwenye nguvu mpishe. Wao watatu, Karani yuko nao. Sisi tutasemaje?"

"Mtasema mlichosikia!"

"Aa, mwanangu. Sisi na kesho yetu."

Mnasikia? Walimsikia miaka yote akila, na walipohitajika hawakuwa na masikio. Watu hawa siwasamehe hadi leo, na hata chaza nikimla, namla kwa hasira.

Siku ya tano na ya sita Kidawa akalala nje, na mayai yakaanza kumsukuma. Siku ya saba, alfajiri, maji ya bamvua yakafika kikomo yakasimama. Punde yangeanza kuvuta. Kidawa akaenda kwa mfalme.

Mfalme wa nchi ile alikuwa Konyeza. Mnamjua Konyeza? Yule wa baharini, laini kama uji wa wanga uliopoa, mwavuli mkubwa juu, na mikia chini inayowasha ukiigusa. Alikuwa mkubwa kama paa la kibanda. Alitawala kwa sababu aliwasha, basi, hapakuwa na sababu nyingine. Na kwa kuwa hakuwa na mguu wala mfupa wa kumshikilia chini, walimfunga kwenye jiwe la baraza kwa kamba ya mwani, nene kama mkono wa mchukuzi, ili maji yasimchukue. Yeye mwenyewe aliiita kamba ile Enzi.

Barazani walikuwepo wote. Mkunga, Pono, Kambakoche, Kaa na majirani wenye kesho zao.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," akasema Kidawa.

Konyeza hakuitikia. "Sema, kibogoyo."

Kidawa akaimba mara ya tatu:

*Kulabu, msumeno na patasi,*
*kinywa kimoja, marehemu mmoja,*
*nyumba ni moja, nipeni!*

— Nipeni!

"Imeandikwa," akasema Kaa.

"Wapi?" akauliza Kidawa. "Nionyeshe."

Kaa akatazama mchanga. Bamvua ilikuwa imeufagia wote, hakuna hata mstari. "Ilikuwa imeandikwa," akasema.

Hapo Kidawa akashindwa kuzuia. "Basi kama hakuna maandishi, yapo meno. Nasema hivi: anayedai jino, aume nalo. Kama kulabu ni za babu yake, amerithi na kinywa cha kuzitumia. Na aume nazo hapa, mbele ya wote."

Watu wakanong'ona. Konyeza akatikisika kwa kicheko, maana alipenda vituko, tena alikuwa na lake moyoni. "Vema! Wataiuma Enzi, kamba yangu. Hakuna jino lililowahi kuikata. Atakayeikwangua tu, nitamwamini. Na wakishindwa wote, nyumba haina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni cha mfalme."

Yaani alikuwa anaitamani na yeye! Na angeingiaje shimoni na mwili ule? Lakini mwenye tamaa haulizi ukubwa wa mlango.

Akaanza Mkunga. Akazichukua kulabu mbili akaziweka kinywani, moja juu, moja chini, kama yalivyo meno yake. Akauma. Loo! Kulabu zile hazikuumbwa kwenda juu na chini. Ziliumbwa kutoka kando, kushoto na kulia, kama mikono miwili inayokumbatia. Moja ikamchoma kaakaa, moja ikamchoma ulimi. Mkunga akazitema, akabaki anafungua kinywa na kufunga, anafungua na kufunga. Mpaka leo ukimchungulia shimoni utamkuta hivyo hivyo, bado anauguza.

"Babu yako alikuwa akila nazo vipi?" akauliza Kidawa.

Mkunga akajivuta kando.

Akaja Pono. Akaichukua misumeno miwili, wa kushoto na wa kulia, akaipanga sambamba kama pea ya viatu. Haikupangika. Mmoja mkubwa, mmoja mdogo, meno ya huyu hayakutazama meno ya yule. Akaigeuza. Akaipindua. Akaiweka kinyume, akauma kwa nguvu, na msumeno mkubwa ukamkata mdomo wake mwenyewe.

"Shangazi hakukuonyesha wa kushoto ni upi?" akauliza Kidawa.

"Alikuwa na haraka," akasema Pono, damu inamtoka.

Akaja Kambakoche. Akazishika patasi kwa miguu yake, akasukuma kamba, kwaru, kwaru. Patasi zikateleza. Akasukuma tena, zikateleza. Patasi zile zilitaka koo nyuma yake, koo zima la kusukuma kutoka ndani, na Kambakoche hana koo la hivyo. Zikamponyoka, zikaanguka mchangani, na ndevu zake zikalegea.

"Fundi mkubwa," akasema Kidawa.

Kambakoche akarudi nyuma nyuma, ndivyo aendavyo mpaka sasa.

"Wameshindwa!" akapaza sauti Konyeza. "Watatu wamedai, watatu wameshindwa. Nyumba haina mwenyewe. Karani, andika ni yangu."

"Nimebaki mimi," akasema Kidawa.

Baraza zima likacheka. Kaa akacheka, Pono akacheka na mdomo wake uliochanika. Hata Kombe alitabasamu, Mungu anamwona. "Kibogoyo atauma na nini?" akauliza Konyeza. "Na ufizi?"

Na maji, taratibu, yakaanza kuvuta kuelekea kina kirefu. Kidawa akayahisi mayai tumboni. Akaisikia tena sauti ya bibi: mwenye adabu hafunui koo lake mbele za watu. Lakini safari hii akamjibu, akamjibu kwa sauti, watu wote wakasikia:

"Bibi, nisamehe! Adabu uliyonifundisha ni ya watu wenye adabu. Hawa wameingia nyumbani kwako kabla matanga yako hayajaisha. Wameyagawana meno yako kama karanga. Wamekuita kibogoyo kaburini! Nikifunga mdomo leo, wanangu wataoshwa na maji, na mimi nitakuwa mwanamke mwenye heshima asiye na mtoto wala mlango. Heshima gani hiyo? Siitaki!"

Akafungua mdomo.

Koo likatoka. Likapinduka nje lote, jekundu, na meno yakaja nalo, meusi, yanang'aa. Kicheko kikakatika. Patasi zikatangulia chini, su! zikaishindilia kamba isiteleze. Kulabu zikafunguka kushoto na kulia, kwa! zikaikumbatia. Nyuma yake misumeno ikakutana, wa kulia mdogo ukaingia ndani ya wa kushoto mkubwa kama panga na ala yake, kha! Koo likavuta ndani. Likatoka tena. Su! Kwa! Kha! Likavuta. Likatoka mara ya tatu. Su! Kwa!

Mnaujua mlio wa mwisho.

— Kha!

Enzi ikakatika.

Kwanza Konyeza hakuelewa. Alijiona anasogea, akadhani baraza ndiyo inasogea. "Tulieni!" akaamrisha. Maji yakamvuta. "Nasema tulieni!" Maji yakamvuta zaidi. "Nishikeni! Ni amri! Nifungeni tena!"

Hakuna aliyekwenda. Nani amshike, na mwili wote unawasha? Miaka yote alihakikisha hakuna anayeweza kumgusa, sasa alitaka kushikwa.

Kidawa akamfuata hatua mbili na kumwita, "Bwana Mkubwa! Sheria yako inasema nyumba ni ya mwenye meno ya wazee kizingitini. Ya kwako yako wapi? Jino moja tu, tuonyeshe, tukurudishe!"

Konyeza akapapasa mwavuli wake wote, juu na chini. Hakuwa na jino. Baba yake hakuwa na jino. Babu yake hakuwa na jino. Kibogoyo wa ukoo mzima, ndiye aliyekuwa akiwachungulia wenzake vinywani! Maji yakaenda naye, na mpaka leo hana kwao, anatangatanga popote maji yanapomsukuma, na akifa juani hata doa haachi.

Kidawa hakungoja kushangiliwa. Aliziokota kulabu, akaiokota misumeno, akaziokota patasi mchangani. Akaenda nyumbani, na safari hii hapakuwa na mkia mlangoni. Akayapanga meno ya bibi yake kizingitini kama yalivyokaa kooni, patasi chini, kulabu mbele, misumeno nyuma, kushoto kushoto na kulia kulia. Akaingia ndani, akataga, mayai mia tatu. Bamvua ikapiga kishindo chake nje, na nyumba haikutikisika.

Kesho yake Kaa akaja, upande upande, maana tangu siku ile hana uso wa kumjia mtu moja kwa moja. "Binti, nikuandikie nyumba?"

"Wapi, Mzee Karani?"

"Mchangani."

"Usijisumbue, mzee. Bibi yangu ameshaandika." Akamfungulia kinywa chake mpaka kooni. Kaa akaenda mbio.

Chaza na Kombe nao wakaja, na vyakula vya kupoza. "Mwanangu, sisi tulijua tangu mwanzo kwamba una haki."

"Mlijua," akasema Kidawa. "Ndiyo maana inauma zaidi." Akapokea chakula, kwa sababu alikuwa na njaa ya kuzaa, lakini hakuwakaribisha ndani.

Matope yakashuka juu ya kizingiti kile. Yakashuka mengine, na mengine juu yake. Bahari ikaondoka, matope yakawa mawe, tukaja sisi na nyundo zetu. Ndiyo maana ukipasua jiwe la hapa kwetu, mara moja moja utaona kitu cheusi, kidogo kuliko punje ya ufuta, chenye meno kama kitana. Usikipeperushe! Mimi mwenyewe asubuhi ya leo nimekiona kimoja, na kabla sijakiokota msimamizi wetu amepita akakikanyaga, akasema, "Takataka hizo, Bibi, jaza debe." Takataka! Alichungulia midomoni, kama Kaa.

Na wale wageni wachunguzi wa mawe waliokuja juzi na miwani ya kukuzia walikuwa wanaviokota kimoja kimoja. Hiki kiboksi chake na jina lake, kile kiboksi chake na jina lake. Nikawaambia, jamani, hivyo ni vya mtu mmoja, viwekeni pamoja, kulabu na misumeno na patasi! Wakatazamana, wakacheka. Mmoja alikuwa binti mpole, akaninong'oneza, "Bibi, hata sisi siku hizi tunaanza kuona hivyo." Wanaanza! Basi huyo nilimpa maji ya kunywa.

Haya. Mafunzo yake, msije mkasema sikuwapa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na wewe mnyonge, haya ni nguo nzuri, ivae, lakini usijifunike nayo mpaka mdomoni siku unayoporwa. Usimhukumu mtu kwa kile usichokiona mdomoni mwake, na ukisikia jirani yako anakula, siku akidhulumiwa useme ulisikia.

Hadithi yangu imefika kizingitini, hapo nimeiweka. Mwenye meno aitafune, kibogoyo aimeze hivyo hivyo. Na wewe Riziki unayecheka, una pengo la mbele, nimeliona. Lakini chini kooni sijakuchungulia, kwa hiyo nakuheshimu. Shika nyundo.